Mashine ya Kung'arisha Sufuria na Masikio ya Mama

Mama yangu hatembei. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia habari ya mashine hudhani nilikuwa natafuta nguvu, au nilitaka kuwaringia majirani. Nilikuwa natafuta mashine ya kung'arisha sufuria ambayo ingeniacha nisikie mlio wa hatari ukianza. Ukianza mchana, wanangu wakubwa wakiwa kazini, mtu wa kumbeba mama mgongoni ni mimi peke yangu.

Tunaishi Butembo, upande ambao nyumba zinapungua na migomba inaanza. Kwetu hakuna king'ora. Anayekuwa wa kwanza kuona wavamizi au wezi anapuliza filimbi, au anakamata sufuria na kitu cha chuma na kuigonga kwa nguvu. Jirani akisikia haulizi kuna nini, naye anagonga yake. Mlio unaruka kutoka ua hadi ua, na kabla hujavaa viatu mtaa mzima unalia. Beni ni vivyo hivyo, na huko wamezoea kuliko sisi. Ni desturi nzuri na imeokoa watu, lakini inataka kitu kimoja tu kwa kila mtu, nacho ni kusikia.

Kazi yangu ni sufuria hizohizo. Kaka yangu mkubwa yuko Beni, anayeyusha aluminiamu kuukuu: rimu za pikipiki, vipande vya injini, sufuria zilizotoboka. Anaimimina kwenye kalibu za mchanga na kutoa sufuria za kila ukubwa. Zikitoka huko ni nyeusi na zina ngozi ya kukwaruza. Ananitumia kwa lori, nazisugua kwa msasa katika chumba cha nyuma cha nyumba yangu, kisha nazipeleka sokoni. Miaka yote nimesugua kwa mkono. Lakini wateja wa siku hizi wameharibiwa na sufuria za kutoka Uganda. Mama wa bibi harusi anainua sufuria yangu, anatafuta uso wake ndani, haupati, anairudisha chini kana kwamba nimemtukana. Nami bega la kulia lilikuwa limekwisha. Nilifika mahali pa kumwomba jirani anifunge kitambaa kichwani, na mimi si mtu wa kupenda kuombaomba.

Kaka alipiga simu, akasema kuna mfanyabiashara mmoja wa Kiislamu mjini Beni ameleta mashine mbili za kupolishi, niende tuchague pamoja.

"Sawa," nikamwambia, "mais nani atabaki na Mama?"

Jirani alikubali kukaa naye siku ile. Mama mwenyewe alikuwa kitandani akichambua maharagwe ya Lubero kwenye ungo, anaimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini. Aliniambia nisinunue kitu kwa kuangalia rangi. Mama alikuja kwangu baada ya kaka kukimbia kijiji chao, nje kidogo ya Beni, akiwa amembeba mgongoni tangu shambani hadi barabara kubwa. Kaka hajawahi kunisimulia safari hiyo. Ukimuuliza, anatafuta sufuria ya kukagua.

Duka la yule mzee, ambaye kila mtu alimwita Hadji, lilikuwa na chumba cha mbele cha pampu na jenereta, na stoo ndefu nyuma isiyo na dirisha. Mashine zote mbili zilikuwa stoo. Hadji alikuwa mtu mpole mwenye kofia nyeupe. Alinipa kiti, lakini nilikataa kukaa, maana nilikuwa na wasiwasi tangu asubuhi na wasiwasi wangu hutoka kama jeuri.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, mota fupi yenye gurudumu la kitambaa kila upande. Aliiwasha, ikanguruma kidogo tu, tukaendelea kuzungumza bila kupaza sauti. Niliipenda palepale. Nikachukua sufuria ya wastani tuliyokuja nayo, nikaiweka kwenye gurudumu. Upande wa nje ulikubali. Nilipojaribu kugeuza ili nifike kwenye kona ya chini, ubavu wa sufuria ukagonga mwili wa mota. Shingo yake ilikuwa fupi mno. Nikakaza kidogo mkono, gurudumu likapunguza mwendo, likasimama.

"Hii ni ya batu ba bijoux," kaka akasema. "Ni ya kupolishi mapete. Sufuria ya harusi itapita wapi?"

Ya pili ilisimama juu ya mguu wake wa chuma, urefu wa kiuno changu, na mikono yake miwili ilitoka mbali na mota hata sufuria ya kupikia msibani ingezunguka bila kugusa kitu. Hadji akaniambia nivue kitenge cha begani na nisivae glavu, kwa kuwa gurudumu likishika kitambaa linavuta na mkono. Kisha akabonyeza. Chumba chote kikajaa ngurumo. Niliona midomo ya kaka ikicheza na sikusikia neno. Kifua changu kilitetemeka na sakafu ikatetemeka chini ya kandambili zangu.

Alipoizima kaka alikuwa anacheka kwa furaha. "Umeona nguvu? Tuchukue hii."

"Nimeona. Na nikiwa ku hii mashini, filimbi nitasikia namna gani?"

Kicheko kikamwisha usoni.

Hadji akakuna kidevu. "Ile sijui, mama. Hapa batu banaulizaka nguvu ya moteur, banaulizaka bei. Masikio, weye ni wa kwanza."

Nikamweleza habari ya mama yangu. Nikamwambia kwamba mchana wote sisi ni wawili tu nyumbani, na kwamba nikichelewa kusikia hata kidogo tu, njia ya kupitia migombani itakuwa imejaa watu na sitapita na mzigo mgongoni. Hadji alinisikiliza bila kunikatiza. Akasema labda mlio wa sufuria unapenya kuliko sauti ya mtu, maana ni mkali, hivyo pengine ningesikia. Kaka naye akasema pengine. Neno pengine lilinikera. Sikutoka Butembo na barabara ile yote kuja kununua pengine.

"Donc tujaribu," nikasema, nikamgeukia kaka. "Yaya, kamata sufuria ingine, toka inje, uende mbali sawa kutoka kwetu mpaka kwa jirani wa kona. Halafu ugonge. Mimi nitawasha mashini. Nikisikia, nitajua."

"Nigonge namna gani?"

"Vile batu banagongaka."

Najua unavyojisikia ukisoma hapa. Sisi watatu, watu wazima, katikati ya Beni, hatukuliona kosa. Nimejiuliza sana kwa nini, na jibu langu ni kazi. Kaka anagonga sufuria kutwa nzima. Kila inayotoka kwenye kalibu anaipiga kwa kidole na kwa nondo, anasikiliza kama ina ufa. Kwetu mlio huo ni wa riziki kabla haujawa wa kitu kingine. Na Hadji alikuwa na akili yote kwenye kuuza. Kaka akatoka na sufuria na kipande cha nondo, na Hadji akarudi chumba cha mbele. Nilimsindikiza kwa macho mpaka alipovuka mlango wa mbele, nikabonyeza.

Nilisubiri. Nikiwa nasubiri, nikaanza kupolishi, maana siwezi kusimama bure mbele ya sufuria chafu. Nilipaka nta kwenye gurudumu, nikaishika sufuria chini ya kitovu cha gurudumu kama Hadji alivyonionyesha, na ile ngozi nyeusi ikaanza kuondoka. Sijui nieleze vipi. Mahali ambapo mkono wangu ungemaliza asubuhi nzima palitokea mwanga, kisha ukaenea, kisha nikaona shavu langu mwenyewe. Nilicheka peke yangu. Masikio niliyatega kwelikweli, na sikusikia chochote ila mashine. Nikafikiri kaka bado anatafuta mahali pazuri pa kusimama, nikaanza kumlaumu moyoni, kwamba hata kugonga sufuria lazima afanye madoido.

Mwanga wa kutoka mbele ukapungua. Niliona lakini sikujali. Duka lina mlango wa bati, watu huufungua na kuufunga. Kisha ukapungua tena.

Hadji alinipiga begani kwa kiganja. Nilishtuka, sufuria ikakwea juu ya gurudumu, ikanyakuliwa mikononi mwangu na kwenda kugonga ukuta wa stoo upande wa pili. Yeye hakuitazama. Alikuwa amekwisha kung'oa waya ukutani. Gurudumu likazunguka lenyewe, likapunguza, na chini ya mvumo wake ukaingia mlio kutoka nje.

Ilikuwa Beni nzima. Sufuria, filimbi, mabati, milango ikifungwa kwa kishindo, miguu ikikimbia, mwanamke akiita jina la mtoto tena na tena.

"Ni yaya," nikamwambia Hadji. "Ni yeye anagonga. Ni ile ya kujaribu!"

"Yeye ni mumoja," Hadji akajibu. Kofia ilikuwa imemwanguka. "Hii yote ni ya nani?"

Hapo ndipo hofu iliponishika sawasawa. Huenda ni kaka aliyeanzisha. Huenda wakati kaka anagonga kwa kujaribu, mtu mwingine upande mwingine wa mji alikuwa anagonga kwa kweli. Uongo wangu na ukweli wa mji vilikuwa na sauti moja na hapakuwa na njia ya kuvitenganisha. Hadji angeweza kuwa amekimbia. Mlango wa mbele ulikuwa wazi wakati anasikia, na familia yake iko mitaa miwili kutoka pale. Badala yake alirudi stoo kunigusa bega, kwa kuwa alijua mwanamke mgeni yuko huko nyuma hasikii. Sasa tulikaa gizani nyuma ya bati lililofungwa, yeye akisoma dua kwa pumzi, mimi nikimwomba Mungu wangu kwa namna yetu, na wote wawili tukisikiliza kama kuna milio ya risasi. Hapakuwa na risasi. Mlio wa sufuria ulisogea mbali, ukarudi, ukachoka.

Kisha mtu akagonga bati kwa ngumi, akiita. Alikuwa kaka. Shati lake lilikuwa limepasuka kwapani na nondo haikuwa mkononi tena.

"Niligonga kidogo tu," alisema. "Mama mumoja akapokea. Nikamuambia hapana, ni mimi, ni ya kujaribu. Hakuna mutu alisikia. Nilikimbia nyuma yao nikisema ni mimi, ni mimi."

Nilitamani kumpiga, halafu nikakumbuka nani alimtuma.

Watu waliporudi, walirudi na hasira, na walikuwa na haki. Walijaa mbele ya duka. Mwanamke aliyekuwa ameacha beseni la samaki wa Kyavinyonge katikati ya njia alikuja na tilapia mmoja aliyekanyagwa, amemshika mkia, akamtikisa mbele ya uso wangu.

"Munacheza na maisha ya batu! Batoto yangu bako ku masomo. Nimekimbia nikilia, sijui bako bazima ama hapana. Juu ya mashini?"

Mwanamume mmoja alisema kaka apelekwe kwa askari. Mwingine alisema askari wa nini, tummalize hapahapa. Walimshika kola. Hadji akajipenyeza katikati, mzee wa watu, akasema kosa lilitokea katika duka lake na wamshike yeye. Wakapunguza sauti kidogo, maana alikuwa mtu wa mtaa. Mwenye samaki ndiye hakupunguza.

"Mulikuwa munajaribu nini?"

"Masikio yangu," nikasema. Sauti ilinitoka kwa ukali, kama kawaida yangu nikitaka kulia. "Niko na mama yangu ku nyumba, hatembei. Nilitaka kujua kama mashini ikiwaka nitasikia, nimubebe."

"Na ulisikia?"

"Beni yote ilikimbia. Sikusikia kitu, mpaka nikaguswa bega."

Akamshusha yule samaki. "Ile muzee alikuja kukugusa?" akauliza, akimwonyesha Hadji kwa kidevu.

"Ndiyo."

"Donc hapana mashini unatafuta. Unatafuta mutu wa kukugusa." Kisha, bado amenuna, akaongeza: "Mama yako, masikio iko?"

Masikio ya mama yangu! Mama yangu anasikia kuku akitaga kwenye ua wa jirani na anajua ni kuku wa nani. Mwanamke yule aliondoka bila kuniaga, akaenda kuokota samaki wake, na kaka akamfuata kumsaidia ingawa alimtukana njia nzima. Watu walimwachia kola, lakini heshima hawakumrudishia. Mpaka leo akipita mtaa ule wanamwita mwenye kugonga.

Tulinunua ile kubwa. Ilisafiri na lori la Hadji mwenyewe hadi Butembo, imefungwa kwa magunia, nami nimekaa karibu na dereva nikihesabu vizuizi vya barabarani kimoyomoyo. Kaka alikuja nayo akaifunga chini kwa boliti. Kisha akatoboa ukuta unaotenga chumba cha nyuma na chumba cha mama, akapitisha kamba ya nailoni. Mwisho mmoja tuliufunga kwenye plagi ya mashine, mwingine kwenye chuma cha kitanda, karibu na mkono wa mama. Akisikia jambo, avute. Plagi ing'oke, mashine ife, nije nimbebe.

Tulimweleza mara moja tu. Alivuta kujaribu, mashine ikazima, akatabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu aletwe kwangu. "Wasingya," akatushukuru kwa Kinande, kama tumempa zawadi.

Na alinitesa na kamba hiyo! Alivuta akitaka maji. Alivuta mvua ikitaka kunyesha na nguo ziko kwenye kamba ya uani. Alivuta mchungaji alipopita barabarani, ili nimsalimie. Kila mara nilikuja mbio, mikono myeusi, moyo mdomoni, na kila mara nilifoka, naye aliniambia nipunguze kelele, mashine imeniharibu sauti. Wateja walirudi. Mama wa bibi harusi sasa anainua sufuria, anajitazama, anaweka kilemba sawa. Bega likaanza kupona.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, jua kali. Nilikuwa napolishi ndani ya sufuria kubwa ya msibani, karibu kumaliza, plagi ikang'oka. Niliingia chumbani kwake nimekwisha kukasirika.

"Nini tena, Mama? Ni maji?"

Alikuwa ameinua kidole. Nikanyamaza, nikasikia. Filimbi upande wa migombani, kisha sufuria, kisha sufuria nyingine karibu zaidi. Nilivuta kitenge kikubwa kutoka msumarini, nikageuka, nikapiga magoti mbele ya kitanda, mgongo kwake, kama tulivyofanya mazoezi.

"Kamata shingo."

Sikuona mikono yake. Nikageuka. Alikuwa amekishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili.

"Enda," akasema.

"Mama, kamata shingo yangu."

"Enda, nakuambia. Nilivuta juu ya weye ukimbie. Hapana juu ya kunibeba."

Nilimfungua vidole. Nikifungua mkono mmoja, mwingine unashika. Mimi nina nguvu ya miaka ya kusugua sufuria na sikumweza. Nje watu walikuwa wanapita mbio, mtu aliniita kwa jina la mtoto wangu wa kwanza, akapita. Nilimfokea mama yangu. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Yeye alingoja nimalize.

"Kaka yako alinibeba," akasema. "Sikio yangu ilikuwa ku mugongo yake. Nilisikia roho yake vile ilikuwa inapiga, njia yote. Ya kwako sitaki kuisikia vile. Enda, mutoto yangu."

Nilifunga mlango kwa komeo, nikaketi kitandani kando yake. Akanipiga. Alinipiga mgongoni, begani, kwa ngumi za mtu aliyelala miaka, akilia na kuniambia nitoke. Sikutoka. Tulikaa hivyo hadi mlio ulipoisha, na jirani akapita akisema walikuwa wezi wa mbuzi, wamekimbilia bondeni.

Hakunisemesha siku ile. Kesho yake nilipokwenda kuwasha mashine, nikaona kamba imelala sakafuni. Alikuwa ameifungua kitandani. Nikaenda kwake nayo mkononi. Akasema hatavuta tena mpaka nimwapie kwamba nikisikia, nitakimbia peke yangu, na nisiangalie nyuma.

Nikaapa. Nilishika Biblia yake, nikaapa kwa sauti, nikimtazama machoni. Ulikuwa uongo, na mama yangu, aliyenizaa, aliona kuwa ni uongo. Alinyoosha mkono akachukua kamba, akaifunga kwenye chuma cha kitanda, fundo mara mbili, akaniambia niende kazini, sufuria ya watu inangoja.